Shimo ya Sajini

Wiki iliyopita nilikataa samaki kwa soko ya Arua. Yule mama mwenye anauza tunajuana, tunaimba naye kwaya moja, na alikuwa amenichagulia ngege moja kubwa, bado mbichi. Akaiinua na mkia. "Mama, angalia, hii iko na nyama mpaka kwa kichwa!" Mimi niliangalia kidevu. Ilikuwa nyeusi kama masizi ya chini ya sufuria, weusi ilishuka mpaka kwa kifua, na mkia ilikuwa na wekundu kwa ncha. Nikamwambia anipe ile dogo ya pembeni. Akacheka sana. "Dada yangu, unaogopa samaki yenye imekufa?" Mimi pia nilicheka, lakini nilibeba ile dogo.

Si woga. Nikiona ngege dume na kidevu nyeusi namna ile, nawaona watu wawili, baba yangu na baba mdogo wangu Lemi, kila mmoja amesimama upande wake wa maji. Na mimi niko katikati, mtoto wa miaka tisa ao kumi, najua ndani ya roho yangu kwamba ni mimi nimewaletea ile kitu.

Nyinyi wenye mlikua wakati moja na mimi mnakumbuka vile tulirudi kutoka Kongo, kwa ukimbizi. Nyumba hakuna, nyasi imekula uwanja, ukitaka kujua mlango ya zamani ilikuwa wapi unatafuta mawe ya jiko. Wengine walirudi na baiskeli, wengine na redio. Baba yangu alirudi na jerikeni ya samaki ndogo. Kule alikuwa anafanya kazi kwa mabwawa ya mapadri, na siku ya kuondoka wakampa zile samaki kama zawadi. Njia yote mpaka kufika Kuluba, upande wetu wa mpaka, alikuwa anafungua mfuniko ili zipumue, na sisi watoto tulikunywa maji kwa mikono, kwa sababu jerikeni ingine hatukuwa nayo. Mama alikuwa anasema, "Mume wangu ameokoa samaki kwanza, watoto baadaye."

Alichimba bwawa chini ya shamba ya muhogo, kwa bonde, yeye na jembe yake. Maji aliileta kutoka kwa kijito na mianzi yenye alipasua katikati. Kazi yangu ilikuwa kulisha samaki asubuhi na jioni. Nilikuwa nashuka na pumba ya mahindi kwa karai, siku ya mvua nashuka na mchwa, na harufu ya ile mahali, pumba imelowa, matope, majani ya muhogo yenye imeanza kuoza, mpaka leo ninaijua.

Wakati ya kiangazi maji ilikuwa inatulia mpaka unaona chini. Na chini kulikuwa na mashimo. Mashimo ya mviringo, safi, kama mtu amepanga sahani za bati kwa matope. Kila shimo ilikuwa na dume yake. Inachimba na mdomo, inachukua matope, inaenda kutema pembeni, inarudi. Samaki ingine ikipita karibu, inatoka kama risasi, inaigonga kwa ubavu, inairarua mkia. Ile kubwa kuliko zote ilikaa pale maji inaingia, kwa mdomo ya mwanzi. Mimi niliita ile Sajini. Kwa sisi kule Koboko, kitu yoyote yenye inafukuza wengine inapewa cheo ya jeshi, hata jogoo, hata mama mkwe.

Sajini ilikuwa nyeusi kabisa. Zile zingine zilikuwa na rangi ya majivu, na mapezi imechanika, zinakaa kwa majani pembeni kama watoto wenye wamenyimwa chakula. Roho yangu ilikuwa inaniuma. Nilikuwa nasema, huyu amezaliwa mbaya.

Sasa niseme juu ya baba mdogo. Lemi alikuja nyuma yetu, kutoka upande ya Sudani, na shati moja. Alikuwa mdogo wa baba, tumbo moja, lakini alikaa kwetu kama mtu ameomba mahali ya kupumzika kidogo. Alilala kwa jiko. Mgeni akija, yeye ndiyo anasimama kwanza kutoa kiti. Alikula baada ya watoto. Alinichongea kitana ya mwanzi, mpaka leo sijapata kitana yenye haiumizi kichwa kama ile. Mama alikuwa anamtania, "Lemi, kuku inakula ugali kwa mkono yako na wewe unaiambia asante!" Naye anacheka chini chini, anasema, "Shemeji, nayo iko na njaa."

Kisha baba akaanza kukohoa. Walimpeleka Arua kwa hosipitali, na wakasema dawa yake ni ya miezi mingi, asirudi nyumbani kwanza. Siku ya kuondoka alimshika Lemi bega. "Chunga maji. Chunga na hawa watu wangu."

Baba alipoenda, mimi nikaona hii ndiyo nafasi ya kuokoa zile samaki maskini. Nilichukua kikapu ya mama, nikakaa kwa maji mpaka kiuno, nikamngoja Sajini. Haikuwa ngumu. Samaki zingine zinakimbia kikapu. Sajini alikuja kupigana nayo! Nikampandisha nyumbani na kumweka kwa pipa yenye ilikatwa nusu, nyuma ya jiko.

Kabla sijamaliza kufuta miguu, weusi ilikuwa imetoka. Mimi niliona na macho yangu. Kidevu ikawa majivu, kifua ikawa majivu, na Sajini akalala chini ya pipa kama mtu ana malaria. Nilimtilia samaki dogo ndani. Hakuigusa.

"Mama! Pepo imetoka kwa samaki!"

"Pepo ya samaki," mama akasema. "Na wewe pepo ya uvivu itatoka lini? Nenda lete kuni."

Lakini kanisani tulikuwa tumefundishwa ile habari ya mapepo yenye ilitoka kwa mtu ikaingia kwa nguruwe, na nguruwe zikakimbilia maji. Mimi nililiweka lile jambo kwa roho. Na kesho yake nilipoenda kulisha, nikaona kwa shimo ya Sajini iko ingine. Ndogo, nusu ya Sajini. Jana ilikuwa majivu, nilikuwa naijua na jicho yake yenye ilikuwa na doa. Leo ilikuwa nyeusi mpaka kwa kifua, inafukuza wenzake vibaya kuliko Sajini. Niliiita Koplo. Basi pepo haikuondoka. Ilihama tu.

Mvua ikaja mapema ile mwaka. Ukuta ya bwawa ikapasuka upande ya chini, maji ikashuka mpaka kwa goti, samaki zikabaki kwa ile sehemu yenye kina. Majirani walikuja, wakaangalia, wakasema pole, wakarudi kupanda. Lemi alibaki peke yake. Wiki tatu alibeba udongo kwa kichwa na karai, alipiga miti chini, alipanda nyasi juu ili udongo ishike. Jioni alikuwa anarudi, macho tu ndiyo safi. Na maji ilirudi, ikapanda mpaka mahali yake. Koplo naye akachimba tena pale pale, kwa mdomo ya mwanzi.

Siku Lemi alikuwa anafunga ule mwanzi na kamba, alisimama ndani ya ile shimo, bila kujua. Nikamwona anaruka.

"Haya! Kiden, njoo uone! Huyu ananipiga kofi kwa mguu! Ananiambia, we mgeni, toka!"

Tulicheka mpaka mimi nikakaa chini. Koplo aligonga vifundo vya mguu yake, anarudi nyuma, anagonga tena, na baba mdogo anainua mguu moja, anainua ingine, kama mtu anacheza ngoma.

Ndiyo mara ya mwisho nilimwona anacheka ule mwaka.

Alijenga kibanda ya nyasi juu ya ukuta, akahama kutoka kwa jiko. Akaanza kukaa na panga. Wale wamama wenye walikuwa wanaloweka muhogo pale maji inatokea, aliwafukuza, akapiga teke vikapu yao. Hata shingo yake ilikuwa kama imeongezeka. Siku moja mimi nilishuka na pumba, nikapita upande ile mpya ya ukuta kwa sababu ndiyo karibu, na akanichapa fimbo mbili kwa mguu kabla sijasema salamu. Lemi! Mtu wa kuambia kuku asante.

Mama alienda mwenyewe kuomba samaki moja, dogo wetu alikuwa anaumwa na hakutaka kula kitu. Nilikuwa nyuma yake.

"Shemeji, maji hii iko na mwenyewe," Lemi akasema.

"Mwenyewe iko Arua kwa kitanda."

"Mwenyewe ni mwenye alibeba udongo. Wewe uliniona. Uliniletea hata uji? Mtu yeyote ataweka mguu hapa, nitamkata. Hata akitoka hosipitali."

Na ile neno hakusema kwa mama tu. Alirudia kwa soko ya Ludara, mbele ya watu, na neno ikisemwa sokoni imekuwa ngumu kumeza tena.

Mimi nilijua imetoka wapi. Nilijua siku, nilijua mahali. Pepo ilitoka kwa Sajini kwa sababu mimi nilimtoa, ikaingia kwa Koplo, na Koplo akaiingiza kwa mguu ya baba mdogo wakati tulikuwa tunacheka. Sikuweza kula. Nilikuwa naomba chini ya blanketi mpaka Mungu mwenyewe, nafikiri, alichoka na jina ya Lemi.

Kisha nikawaza: nikimrudisha Sajini kwa shimo yake, labda kitu yake itamrudia. Maji ya pipa ilikuwa imeanza kunuka pia. Nilingoja Lemi aende msituni kukata miti. Nilimbeba Sajini kwa karai na kumwachia pale pale, juu ya shimo. Koplo alitoka. Nusu ya mwili yake, ninawaambia! Akampiga Sajini kwa ubavu, akamrarua mkia, akamfuata mpaka kwa majani, na Sajini hakujibu hata mara moja. Siku ya tatu nilimkuta anaelea, tumbo juu. Nikamzika kwa shamba ya muhogo, na nikaimba wimbo moja.

Habari ikafika kwamba baba anarudi. Mama na mimi tulienda kumngoja Koboko mjini. Hatukwenda peke yetu. Wajomba wawili, kaka za mama, walikuja na fimbo nzito, zile za kuchungia ng'ombe, na njiani walikuwa wanaongea habari ya kuvunja mifupa.

Baba alishuka kwa pikapu amekonda, koti imekuwa ya mtu mwingine. Mama alimshika mkono na hakusema kitu, machozi tu. Lakini mjomba mkubwa hakungoja hata baba apumue.

"Shemeji, ndugu yako ameapa sokoni. Twende wote leo. Yule mtu anaelewa fimbo tu."

Nikaona uso ya baba inabadilika. "Ile bwawa nilichimba mimi," akasema. "Samaki nilibeba mimi kwa mgongo, kutoka Kongo. Lete hiyo fimbo."

Basi nikalia. Sikulia kama mtoto anataka kitu, nililia mpaka watu wa steji ya magari wakageuka. "Baba, usimpige! Ni mimi! Ni mimi nilimwekea pepo!"

Walinikalisha chini kwa kivuli ya duka moja na nikasema yote. Sajini, pipa, Koplo, mguu. Wajomba walikuwa wanashika mbavu. Baba pia alicheka, kikohozi ikamkamata, akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Alichuchumaa mbele yangu.

"Sajini ilikuwa kubwa kushinda Koplo?"

"Mara mbili, baba."

"Na ilipigwa."

"Ilipigwa. Hata haikujibu."

"Uliirudisha upande gani?"

"Kwa shimo yake. Nilimwachia juu ya shimo kabisa."

Niliogopa kwamba sasa ndiyo atanichapa. Lakini aliangalia wajomba, akaangalia fimbo kwa mkono yake, akasema, "Kumbe ndiyo vile nyinyi mnataka kunirudisha mimi."

Akampa mjomba fimbo yake. "Shemeji, asante. Mmetembea mbali. Rudini nyumbani."

"Mtu mzima!" mjomba akasema. "Unaogopa mtoto ya mama yako?"

"Naogopa shimo," baba akajibu.

Miaka mingi baadaye, mimi nimeshazaa, nilirudi shule kwa masomo ya jioni na watu wazima wenzangu, tunabanana kwa madawati ya watoto. Siku moja mwalimu alifundisha juu ya samaki. Alisema dume haizaliwi mkali. Inapata mahali, jike zinakuja tu kwa yenye iko na mahali, na kutoka siku ile kila mwenzake yenye inapita inaonekana mwizi. Mwenye alitangulia ndani anashinda mgeni, hata mgeni akiwa mkubwa. Na alisema kitu yenye ilinifanya niweke kalamu chini: ukijaza samaki nyingi sana kwa maji moja, mpaka hakuna yenye inaweza kushika shimo, nyingi zinaacha kupigana. Niliwaza juu ya Kongo, vile mama alikuwa anahadithia, familia kumi na moja kwa darasa moja ya mapadri, wanaume wanavuta tumbaku moja, hakuna ugomvi. Na tuliporudi, kila mtu na mpaka yake, ndiyo watu wakaanza kukatana juu ya mstari ya mkonge. Lemi alikuwa amefukuzwa nchi mbili. Ile ukuta ya matope ilikuwa kitu ya kwanza duniani yenye ilisimama kwa sababu yake. Nasema hivi sasa. Ile siku sikujua. Ile siku nilitembea nyuma ya baba, kutoka Koboko mpaka nyumbani, naomba kwa kila mti.

Tulifika jua bado iko juu kidogo. Baba hakupanda nyumbani kunywa maji. Alishuka moja kwa moja kwa bonde, mama na mimi nyuma. Lemi alikuwa ametuona tangu mbali. Alisimama juu ya ukuta, panga kwa mkono, na nawaapia alikuwa ameongezeka ukubwa.

Pale shamba ya muhogo inaishia, kama hatua ishirini kutoka kwa maji, baba akasimama. Akavua viatu. Akaziweka pamoja, vizuri, kama mtu iko kwa mlango.

"Hodi," akasema.

Mama alinishika bega mpaka ikaniuma. Hodi! Kwa udongo yake, kwa bwawa yake. Na kwetu unajua, mtu akipiga hodi huwezi kumgusa. Lakini akipiga mara tatu na hakuna mtu amejibu, anageuka na kuenda, na hawezi kurudi na heshima tena. Baba alikuwa amejifunga mwenyewe na ile neno. Kama Lemi anataka kila kitu, sasa ni kunyamaza tu.

Lemi alinyamaza.

"Hodi, mwenyeji."

Vyura zilikuwa zinalia. Lemi aliangalia nyuma ya baba, kwa muhogo, akitafuta wanaume na fimbo. Hakuna. Aliangalia miguu ya baba, myembamba, tupu, ndani ya nyasi. Panga ikatoka kwa mkono ya kulia ikaenda kwa kushoto, ikarudi.

Baba alikohoa kwanza. Kisha, mara ya tatu, polepole, "Hodi."

"Nani?" Lemi akasema. Na alikuwa anamwona!

"Ni mgonjwa tu, ametoka Arua. Nimesikia hapa maji ilipasua ukuta, na mtu moja akaijenga peke yake. Nimekuja kuona kazi ya huyo mtu."

Baba mdogo aliangalia ukuta chini ya miguu yake, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Karibu," akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya chini chini.

Baba akaanza kuja, moja kwa moja kwa upande ile mpya ya ukuta.

"Hapana, kaka, si hapo!" Lemi akasema, na akapiga panga ndani ya udongo, ikasimama peke yake, akaanza kuteremka mbio na mkono mbele. "Hapo bado laini, utaanguka. Pita huku."